Kiganja juu ya Boneti

Jumapili ya tatu ya kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe,
wanapanda hadi maegesho ya juu, pale barabara ya Wales inapochoka
na kondoo wanalala katikati ya lami kana kwamba wameilipia kodi.
Kumi na moja leo: mekundu, ya kijani,
moja la rangi ya maziwa ya jana.
Wanafungua maboneti kama watu wanaoonyeshana meno.

Baba anafika wa mwisho,
kabureta ya kushoto ilikuwa na lake la kusema pale darajani.
Ana miaka sabini na sita. Gari lina hamsini na mbili.
Mama alikuwa akisema: mmoja wenu atanizika, sijui nani.
Ikawa wote wawili. Walikwenda makaburini pamoja,
yeye na hilo jekundu, paa wazi, bila kofia.

Kisha akaja Tegwen, nesi wa vijijini,
na kijigari chake kipya, cheupe, cha mraba kama friji iliyolazwa,
na hakuna aliyegeuka, kwa sababu hakuna aliyemsikia.

"Umetuletea kikaango," akasema Hefin.
"Kikaango kinanifikisha kwa wagonjwa kumi na wawili kwa siku.
Usiku nakichomeka ukutani, kinashiba, kinanyamaza.
Mume wangu hajawahi."

Wakaanza. Uzito. Mwendo kutoka sifuri. Baridi inavyonyonya betri.
Nani alikaa saa mbili Dolgellau mbele ya chaja iliyokufa,
nani alirudi nyumbani juu ya lori mara tatu kiangazi kimoja
(Hefin akatazama viatu vyake).
Gari lisilonuka, mmoja akasema, ni chumba cha hoteli.
Mjukuu wangu, akasema mwingine, hutapika kwa hiyo harufu.
Maneno yalipanda gia, yakashuka gia;
ubishi wa magari, kama ubishi wa mapishi,
hauishi, hupoa tu.

Baba hakusema kitu.
Nilidhani ni kiburi. Kumbe hakuwa akisikia.

Siku hizi anasikiliza kwa kiganja.
Nimemwona gereji asubuhi, injini ikinguruma,
mkono bapa juu ya boneti, macho kayafumba,
kama mtu anayepima homa ya mtoto.
"Silinda ya nne," husema, na huwa ni ya nne.
Daktari alimpa vidude viwili vya masikioni, rangi ya ngozi;
vimo kwenye kopo la plagi za zamani.

Basi akavuka maegesho, akaweka kiganja juu ya kile cheupe.
Mvua ikamtambaa vidoleni.
"Umekizima?"
"Kinawaka," akasema Tegwen, akiachamisha midomo kama kwa wagonjwa wake.
Baba akaacha mkono pale muda mrefu,
hata Hefin akakoma kucheka.
"Kwangu mimi," akasema, "yote ni ya umeme sasa."

Walishuka hadi kwenye zizi la mawe na kurudi, dakika nne.
Sikuwamo. Niliona tu kile kifriji
kikichomoka kwenye kona ya juu
kama mbegu ya chungwa iliyobanwa vidoleni,
na baba ndani, kinywa wazi.

Alitoka akijishika kiuno.
"Kinasukuma mgongoni. Mgongo bado unasikia."
Akauliza bei. Tegwen akamwandikia kwa kidole kwenye kioo chenye mvuke.
Baba akahesabu, nami najua alichohesabu:
giaboksi, rangi mara mbili, viti vya ngozi,
ile injini aliyoifungua majira mazima ya baridi Mama akiwa hospitali.
"Ghali," akasema.
Haikuwa ghali.

Akarudi kwa jekundu lake, akavuta choki, akangoja.
Likakohoa. Akangoja tena.
Likawaka, na maegesho yote yakanuka petroli na mwaka wa sabini na kitu.
Akachukua kiganja changu akakilaza juu ya boneti,
chake juu ya changu.
"Ipi inayokosa?"
Nikasema ya tatu. Hakusikia.
Nikainua vidole vitatu,
naye akatikisa kichwa, akainua viwili.