Sikio la Kushoto

Sikio langu la kushoto ni dogo kuliko la kulia.
Sikulijua hilo kwa miaka thelathini na minne,
hadi Wakili Kyabula aliponipa kazi ya kunakili:
mashahidi wanasema kwenye kinasa, mimi naandika,
saa saba kwa siku, chumba cha nyuma, Kamalondo,
feni moja, umeme ukipenda.

Visikizi vya kwanza nilinunua soko la Kenya, kwa Kapya,
anayevitundika kwenye mwavuli kama samaki wakavu.
"Besi yake, mama, inatikisaka ini!"
Kweli ilitikisa. Mjane wa Katuba aliyedai kiwanja chake
alinguruma kama lori lililokwama topeni,
kila p ikawa ngumi, kila b mlango unaobamizwa.
Nikavirudisha. Kapya akacheka: "Kwani wewe unachezaka lini?"

Vya pili vilikuwa vyeupe, vyembamba:
s zote zikachacharika kama mafuta kikaangoni.
"Sisi sote tulisaini," alisema mzee mmoja,
nikazima, nikaenda kula bukari kabla ya wakati.

Vya tatu, hivyo nilivipenda.
Mpira wake laini kama ncha ya kidole cha mtoto;
unavaa asubuhi unasahau,
jioni ukijikuna unavigusa, unashtuka.
Miezi mitano. Nililala navyo.
Sauti ilikuja imejifunika blanketi, lakini ilikuja,
na neno lilipozama nilijaza mwenyewe,
kama fundi anavyoziba tundu la sufuria.

Vya nne ni vya chuma. Bei yake siitaji nyumbani.
"Hivi, mama, vinasemaka kweli," Kapya aliniambia,
bila kucheka safari hii.
Nami nina kipimo changu: sauti ninayoijua,
nione kama inajua kitu nisichokijua.
Nikachagua faili ya Mwape, mlinzi wa ghala la saruji,
niliyokwisha kuipiga chapa.

Nikasikia kiti kikilia chini yake.
Nikasikia akimeza mate.
Mbali, nje ya dirisha, mtu alihesabu chupa tupu.
Kisha: "Ule usiku nilimupigia."
Nikarudisha nyuma. Nilimupigia.
Mara kumi na moja nikarudisha.
Na kwenye karatasi yangu, yenye saini, yenye muhuri:
nilimupiga.

Irabu moja, nyembamba kuliko waya wenyewe,
imejibanza kati ya g na a kama mtoto nyuma ya mlango.
Yeye alishika simu;
mimi nikamshikisha rungu.

Wakili alisoma, akavua miwani, akauliza tu:
"Na faili nyingine?"
Ziko arobaini na mbili.

Hivi vya chuma vinaumiza.
Ikifika saa ya nne sikio dogo linawaka,
pana kidonda pale ukingoni, mama mkwe anapaka mawese
na kuniuliza ni kazi gani hiyo ya kukaa tu inayotoa damu.
Nilijaribu ujanja: nikauvua mpira laini wa vile vya tatu,
nikavivisha hivi. Vikakaa vizuri ajabu.
Irabu ikapotea tena.
Nikauvua.

Wanasema ndani ya waya huu mna shaba.
Labda ilichimbwa hapa hapa, sijui,
ikazunguka dunia, ikarudi nyembamba hivi,
nikailipia bei ya kuku watatu.

Leo nimefika faili ya kumi na tisa.
Yule mjane wa Katuba: sasa hangurumi.
Ana sauti ndogo, ana kikohozi,
na kabla ya kila jina la mtoto wake anavuta pumzi,
watoto sita, pumzi sita.
Mimi niliandika watano.

Natoa cha kushoto,
nalipa sikio upepo wa feni,
nahesabu hadi ishirini,
nakirudisha.