Alama za Fimbo

Bibi Zulmira ana fimbo ya kupimia tangi.
Aliikata mwenyewe, akaitia alama kwa kisu,
na kila nikifika na lori la maji
huitumbukiza, huitoa, huitazama,
kisha huniuliza: "Genival, kahawa?"

Mwaka wa tano huu hapa sertão, bara kavu la Brazili.
Kitongoji chetu kinaitwa Olho d'Água, Jicho la Maji,
na jicho lenyewe limepofuka,
limebaki tundu la udongo uliopasuka
ambamo mbuzi hulamba mawe.
Mandakaru tunaiunguza miiba, ng'ombe wapate cha kutafuna.
Watoto wa Deusdete wamekwenda São Paulo
mmoja mmoja, kama meno yanavyong'oka.

Mimi nilikuwa mtu wa hesabu:
lita elfu nane, kilomita tisini,
karatasi tano za kutiwa sahihi na mtu asiyetazama.
Na njiani, nyuma ya baa ya Expedito,
nilifungua bomba kidogo,
mapipa mawili usiku huu, matatu usiku ule.
Nilijiambia: ukame hauna macho.

Usiku wa kuamkia Mtakatifu Lusia
bibi alipanga mawe sita ya chumvi juu ya ubao,
Januari hadi Juni,
akayaacha nje yapigwe na umande,
kana kwamba umande ulikuwapo.
Jiwe litakaloyeyuka ndilo mwezi wa mvua.
Mimi nililala garini, klachi imeungua.
Asubuhi tukayatazama pamoja:
sita, makavu, yanang'aa.
Nikangoja alie.
Akayazoa, akayatia kwenye sufuria ya maharage.
"Chumvi imesema yake," akasema. "Njoo unishikie ngazi."

Ngazi!
Apande akasafishe mfereji wa paa:
majani, kinyesi cha popo, kiota cha nyigu,
mfereji usioonja tone tangu Aprili ya mwaka juzi.
"Unasafisha nini, bibi, na mbingu imepigwa kufuli?"
"Ufunguo si kazi yangu. Kazi yangu mfereji."

Miaka sabini na sita, ndala miguuni,
na rozari shingoni inagonga bati,
ti, ti, ti,
na masikio yangu mapumbavu
yakadhani ni mvua.

Hapo ngazi ikatikisika. Si yeye. Ni mimi.
Nikamwambia yote, uso juu,
vumbi likinimwagikia machoni:
mapipa, baa, Expedito, pesa za matairi.
Kimya.
Kiota cha nyigu kikaanguka karibu na kiatu changu.
"Fimbo ina alama, mwanangu. Najua tangu mwaka jana."
"Na kahawa?"
"Kahawa ni kahawa. Nilikuwa naipika huku nakuombea."

Vikombe vingapi, Mungu wangu,
vya maji niliyompunja,
naye ananikorogea sukari guru!

Mvua haikunyesha. Hilo niliseme wazi,
wasije wakasema Genival anauza muujiza
kama alivyouza maji.
Siku ya Mtakatifu Yosefu ilipita na jua lake.
Wingu moja lilitokea upande wa Piauí,
likatuchungulia, likaenda zake.
Padre alikuja, akambatiza mjukuu wa Deusdete
kwa maji ya kijiko.

Lakini bomba langu sasa nimelifunga kwa waya,
na mbele ya baa napita gia ya tatu.
Alfajiri, kabla sijawasha injini,
nasema maneno yasiyo na ufundi:
Bwana, mimi hapa. Tangi limejaa.
Wewe unajua barabara ilivyo.

Nikifika, fimbo inaingia, inatoka,
imelowa hadi alama ya juu kabisa,
ile iliyokaa kavu mwaka mzima.
Bibi hasemi kitu. Anaiegemeza ukutani ikauke.

Nami naifuata ngazi.