Ufagio wa Chelewa

Misalaba alinikabidhi kamba na karatasi ya chanjo,
akasema, Dada, nisikufiche, huyu amerudishwa mara mbili.
Wa kwanza alilalamika anakula viatu.
Wa pili hakusema kitu. Alionyesha kifundo cha mguu.

Tukapanda Bugarika kwa miguu, bodaboda watatu wamekataa,
na kila penye jiwe kubwa
(na Bugarika pana nini zaidi ya mawe?)
alijibanza, akatetemeka mpaka kamba ikatetemeka mkononi mwangu.

Wiki ya kwanza:
kandambili tatu, zote za kushoto.
Pindo la neti.
Daftari la hesabu la Nkwabi, kurasa za kugawanya tu.
Kichwa cha sato alichokipora jikoni akakifukia chini ya jiwe,
akakilinda siku tatu, akinguruma kila nilipopita kwenda chooni
kana kwamba nimekuja kudai urithi.
Usiku hakubweka. Alilia.
Bi Zuhura akagonga bati la ua:
"Jirani, usingizi wangu au bata wangu,
kimoja niachie."

Nilimwita Saba, kwa kuwa alitoka kizimba cha saba.
Hakuitika.
Nkwabi akamwita Sangara. Hakuitika.
Jina pekee lililomgeuza shingo lilikuwa Toka.
Neno hilo tukaliacha kulitumia, hata kwa kuku.

Kisha ile Jumamosi nikachukua ufagio wa chelewa nifagie uwanja.
Heri angenguruma.
Alilala chini, akafumba macho, akajikojolea,
akangoja.

Miaka kumi na mmoja niko wodi ya majeruhi, Bugando.
Namjua anayelala na anayengoja.

Nikaufungia ufagio kabatini.
Tangu hapo nafagia kwa tawi la mwarobaini,
nimechuchumaa kama mtu aliyedondosha hereni.

Ushauri haukukosa. Shemeji Luhende:
mchape mara moja tu, ajue mwenye nyumba nani.
Bwana mifugo, aliyekuja kwa mbuzi wa watu,
alisema akiwa ameshafika njiani:
Mpe mgongo. Kaa chini, usimwite, usimtazame.
Na chakula saa ile ile, hata dunia ikiungua.

Nikampa mgongo.
Natoka zamu ya usiku, gauni jeupe bado mwilini,
nakaa juu ya jiwe namenya viazi,
kule chini mitumbwi ya dagaa inarudi, taa zimeshazimwa.
Siku ya tisa pumzi ikagusa kiwiko changu.
Sikugeuka. Kiazi kile nilikimenya hadi kikaisha.

Mwezi wa nne radi ikatoka ziwani.
Akapasua wavu wa dirisha, akapotea usiku mzima.

Mbwa hafi maji akiona ufuko, walisema wahenga.
Wetu tulimkuta Igogo, maji yamemfika tumboni,
ufuko anauona vizuri sana,
na amekataa kutoka,
kwa sababu ufukoni kuna watu, na watu wana mikono.

Nikaingia na viatu vya kazi.
Nikampa mgongo humo humo majini.
Nikahesabu matone ya dawa ya mgonjwa ambaye hayupo,
kisha nikaanza kutembea kwenda nyumbani, bila kamba,
Nkwabi mbele yangu akirudi kinyumenyume, ndiye macho yangu:
Mama, anakuja.
Mama, kasimama.
Mama, anakuja.

Sisemi amepona.
Viatu bado tunavitundika kwenye kenchi kama popo.
Bi Zuhura bado anahesabu bata wake kwa sauti, nisikie.
Mwanamume mwenye gambuti hapiti kwetu.

Ila wiki iliyopita niliusahau ufagio nje.
Asubuhi nimeukuta katikati ya uwanja,
chelewa zimetafunwa, mpini umekojolewa barabara,
naye amelala kando yake, tumbo juu.

Nimeuacha hapo hapo.
Ni wake.