Nyuzi Tatu za Msumari

Alikuja kibandani kwangu Katuba, mvua ya Novemba,
na gitaa la nyuzi tatu ndani ya gunia la mbolea.
"Mzee wa redio, nataka likwaruze."
Wengine wote huniomba niutoe mkwaruzo.
Nikampasulia spika ya kanisa iliyokufa,
nikaiunga kwa risasi (ile laini, si ile nyingine),
nikaifunga waya wa shaba.
Shaba kwetu haiulizwi imetoka wapi.
Akagonga mara moja.
Kuku wa Mama Ngosa hawakutaga siku mbili.

Jina lake Kyungu. Jukwaani, Msumari.
Ngoma aliichapa Banza, mbio, kama anayefukuza mwizi,
na Kyungu hakuimba juu yake, alitema:
Kiswahili chetu cha bukari na sombe,
Kifaransa cha barua za kuachishwa kazi,
na mishahara ambayo baba yake hakuipata kiwandani
aliihesabu mwezi kwa mwezi,
Januari, Februari, Machi,
akifika Desemba anaanza upya,
mpaka watu wa mtaa wa Kenya, waliokuja kucheza rumba,
wakasimama chupa mkononi.
Mlevi mmoja akaitika: "Aprili!"
Basi ukumbi mzima ukawa na madai.

Wenye kujua waliita panki. Vijana wakasema rapu.
Mama yake alisema pepo, akalipia maombi ya siku tatu.

Miaka kumi na mmoja hivyo.
Albamu moja, aliyoiuza mwenyewe sokoni kwa kadi za simu.
Usiku mmoja korokoroni kwa neno nisilolirudia.
Safari moja ya Kolwezi: malipo, mifuko minne ya saruji,
na Banza akabaki huko,
mashimo hulipa kila jioni.
Mpiga besi aliokoka. Besi nayo ikaokoka.

Jana amerudi, mvi kidevuni.
Nikadhani anauza.
Nyuma yake binti yake Ngoie, miaka kumi na miwili,
amebeba ile spika kama sufuria ya moto.
"Imeanza kutoa sauti safi," akasema Kyungu,
kama mtu anayetaja ugonjwa.
Nikawasha chuma changu. Umeme ukakatika.
Tukakaa gizani, watatu, tukiungoja.
Mtoto akagonga meza kwa kucha, haraka,
akinong'ona miezi,
na hakuanzia Januari.