Hatua Tisa, Kisha Taa

Muuzaji wa karibu na soko la Mbuyuni alizipanga kaunta
kama maswali ya mtihani: ya buluu, ya kijani,
hii inayobadilika rangi, "kama ukumbi wa harusi, dada,"
na moja ya manjano, ndogo, imeviringishwa gazetini
kana kwamba anaionea haya.
Nikazichukua zote kwa usiku mmoja,
nikaacha kitambulisho rehani.

Bwawa letu si kubwa. Elirehema alilichimba
nyuma ya banda la ng'ombe lisilo na ng'ombe,
akalisakafia kwa saruji iliyobaki ya choo,
akaliingizia maji ya mfongo siku za zamu yetu.
Perege kumi na wanne. Yungiyungi moja lenye kiburi.
Nilitaka lipendeze, basi.
Ndugu wakipanda Moshi kwa Krismasi
waseme, loo!

Saa mbili usiku nikamtoa mama na kigoda chake,
kanga mabegani, na ile miwani ya KCMC
anayoivaa kwa kumheshimu daktari tu.
Nikachomeka ya kwanza.
"Hii je?"
"Umewasha?"
Buluu yote ile! Bwawa limekuwa wino,
mawimbi yanacheza hadi ukutani kwa jirani.
"Umewasha, mwanangu?"

Ya kijani, akainamisha kichwa kama anayesikiliza.
"Kuna kitu. Kama mgomba wa mbali."
Ya kubadilika ilimchosha.
"Inabisha hodi, inaondoka. Inabisha hodi, inaondoka.
Izime."
Vyura walikuwa wamenyamaza tangu ile ya buluu,
na uniti za Luku zinashuka.

Ikabaki ya gazetini.
Sikuitia majini, nilishachoka.
Niliiegesha ukingoni, kwenye shina la sale,
huku nikitafuta pa kukalia.

Mama akasimama.
"Hapo," akasema, "ndipo ardhi inapokwisha."
Akanyoosha mguu. Ndara ikagusa jiwe la mwisho,
ikatulia juu yake.

Tangu masika hajafika huku nyuma.
Nilidhani ni tope. Nilidhani ni magoti.
Kumbe tulimchimbia shimo
katikati ya njia yake ya kukatia majani,
na mimi nikawa nalitafutia shimo mapambo.

Sikusema kitu. Yeye ndiye aliyesema:
"Samaki wako wananenepa. Nawasikia wakigeuka."

Kesho yake nikarudisha zile tatu.
"Ile hafifu?" muuzaji akacheka. "Dada, wageni hawataiona."
Nikamwambia aniongezee tano.
Alipekua stoo mpaka vumbi likampanda kwenye nyusi,
akapata tatu.

Kwa hiyo upande wa migomba bado ni giza.
Nimeweka ndoo iliyopinduliwa, kwa sasa,
nayo mama ameikataa.
Ameshapapima: kutoka mlango wa jiko hatua tisa,
kisha taa.
Jana nilimsikia akizihesabu kwa sauti,
alfajiri, mundu mkononi,
saba,
nane,

na vyura hawakunyamaza.