Lete Mbuzi

Siku ya kwanza, Ilham, nilikuambia: lete mbuzi.
Nimekaa jikoni, nazi mbili nimeshazipasua,
maji yake nimekukingia kwenye kikombe cha bati.
Ukatoka mbio. Nikangoja.
Nikasikia kamba ikiburutwa, kwato mlangoni,
na wewe, na raba zako nyeupe za Sinza,
unamvuta Shemeji kwa pembe moja
huku unambembeleza: twende, unaitwa.

Nilicheka mpaka kanga ikanifunguka.
Mbuzi wa kukalia, mwanangu, si wa kufuga!
Yule mwenye meno ya chuma, nyuma ya mlango.
Ukamkalia. Ukakuna nazi, ukakuna na ukucha,
ukalia kidogo, ukaendelea.
Tui la kwenu hutoka kwenye pakiti.
Hili ulilikamua mwenyewe, likakupita vidoleni,
ukajilamba kuanzia kiganja hadi kiwiko.

Mengine sikukufundisha.
Nani alikuambia chungwa la Mkuzi
hukatwa kofia, likafyonzwa mpaka libonyee?
Nani alikuonyesha anapotagia yule kuku mwekundu,
ndani ya tenga bovu, chini ya magunia?
Ulikuja na yai umelibana shavuni,
macho yamekutoka:
"Shangazi, hili lina homa."

Usiku ule uliuliza swichi iko wapi.
Usiku wa tano koroboi uliizima wewe,
eti inawaonea wivu vimulimuli.

Mama yako alipiga simu.
Mtandao wetu unakaa juu ya kichuguu,
ukapanda, miguu mitupu, magoti yana udongo mwekundu.
Shikamoo mama. Sijambo. Subiri kidogo.
Ukamwekea Shemeji simu sikioni.
Hakusema kitu, alikuwa anatafuna ukosi wa gauni lako,
na mama yako, huko aliko:
Haloo? Haloo? Nani anapumua hivyo?

Uliondoka na lori la machungwa hadi Muheza mjini,
raba mkononi, hazikukuingia tena,
au ulisema hazikuingii.
Sikubisha.

Jana nimepasua nazi.
Mazoea yana lana: nikaita kuelekea uani,
lete mbuzi!
Kimya. Kuku akaparua paruparu, akaacha.
Halafu kule kwenye mnazi alikofungwa,
Shemeji akasimama.