Koti la Karani wa Reli

Nililinunua Kibuye, Jumapili, likiwa bado jipya,
kifungo cha akiba kimeshonewa ndani.
Muuzaji akanisifu: "Mama, umeopoa koti la harusi."
Sikumwambia nakwenda kulitesa.

Jumatatu nililichemsha na majani ya chai ya Nandi,
misumari mitano yenye kutu, chumvi konzi moja.
Jumanne nikavisugua viwiko kwa msasa,
maana karani huyu, nijuavyo mimi,
ameegemea dawati lile lile miaka kumi na minne
akihesabu magunia ya pamba ya watu wengine.
Mfuko wa kulia nikaujaza kokoto siku nne,
ulegee kama shavu la mlevi.
Wa kushoto sikuugusa. Humo alitia barua,
na barua hazivuti kitambaa.

Mtayarishaji akaja, risiti mkononi:
"Kagonya, elfu mbili na mia tano, halafu umeliharibu?"
Nikamjibu: bado. Halijaharibika vya kutosha.

Muswada unasema tu, Karani anaingia.
Anaingia na nini? Mkewe alifariki lini?
Nani anamshonea vifungo tangu hapo?
Mwenyewe: uzi mweusi kwenye koti la kahawia,
mishono minene ya kufunga gunia.

Wiki ya tatu ya mazoezi Owaga alitembea bado kama Owaga,
kifua mbele, kijana wa Milimani aliyeshiba.
Nikamvika.
Mkono wa kushoto nilikuwa nimeupunguza inchi moja,
siri yangu na cherehani.
Akauvuta. Akauvuta tena. Bega likashuka.
Akavuka jukwaa akihangaika na mkono ule,
na mwongozaji, aliyekuwa akila njugu,
akaacha kutafuna.

Usiku wa kwanza nilisimama nyuma ya pazia,
pini tatu midomoni.
Owaga alipigiwa makofi, na aliyastahili.
Ila kabla ya makofi, safu ya mbele,
mama mmoja mwenye kitambaa cha kanisani
alimnong'oneza jirani yake:
"Huyu hana mtu wa kumshonea."
Nikazitoa pini, moja moja,
nisije nikazimeza.

Kesho tuna maonyesho mawili.
Koti halifuliwi; maji yatafuta miaka niliyolipa.
Nikaligeuza nje ndani,
nikalinyunyizia chang'aa makwapani, dawa ya jasho,
nikalitundika peke yake mbali na kanzu za kwaya,
mkono mmoja mfupi.